Gari Linaposita Ukikanyaga Mafuta

Tulikuwa tumetoka Mugumu alfajiri, tumevuka daraja la Mto Mara, tunapanda kuelekea Nyamongo. Mbele yetu lori la mchanga lilikuwa likijikokota. Niliona njia iko wazi, nikakanyaga mafuta nilipite. Gari halikwenda. Lilisita kama mtu aliyeitwa akasimama kwanza kufikiri aitike au anyamaze, likatikisika mara mbili, kisha likachomoka ghafla wakati mimi nimeshaanza kurudi upande wangu. Mama aliyekaa nyuma alimvuta mtoto wake kifuani, hakusema neno. Kuanzia hapo mpaka Tarime sikulipita gari lingine hata moja.

Kufikia siku hiyo nilikuwa nimeshabadilisha plagi zote nne, pampu ya mafuta na koili mbili. Gereji ya kwanza ilisema plagi, ya pili pampu, ya tatu koili. Kila mara gari lilionekana kupona siku moja au mbili, kisha likarudia. Tarime mjini nikaelekezwa kwa fundi mmoja mzee. Hakuuliza nimebadilisha nini. Aliuliza, "Inakosa wakati gani?" Nikamweleza. Akafungua boneti, akaniambia nivute handbreki, nikanyage breki kwa nguvu zote, niingize gia, halafu niguse mafuta kidogo tu. Yeye akasimama ubavuni mwa gari, hakukaa mbele yake. Injini ilipoinama kwa kuvuta, akanyoosha kidole. Kwenye mpira mweusi unaopeleka hewa ndani ya injini, katikati ya mikunjo yake, palifunguka ufa wenye urefu wa kidole gumba. Nilipoachia, injini ilirudi mahali pake na ufa ukajifumba. Ukiutazama gari likiwa limezimwa, huuoni.

"Mura," akaniambia, "pampu ulinunua ya nini? Gari yako inavuta hewa ya wizi."

Nimelibeba neno hilo tangu siku ile, na nalileta hapa kwa wenzangu wa Tarime na Serengeti wanaoendesha michomoko ya kubeba abiria, Noah, Hiace na magari ya nyumbani katika barabara hizi za vumbi na milima. Pesa nyingi zinatoka mifukoni mwetu kununua vifaa ambavyo havikuwa vibovu. Hasara hiyo inaepukika kama mwenye gari anajua kidogo namna injini yake inavyofanya kazi, na kama anakataa kununua kitu kabla hakijapimwa.

Unachokanyaga ni hewa

Tumezoea kusema "kukanyaga mafuta". Katika gari la petroli la siku hizi, pedali ile haigusi mafuta hata kidogo. Inafungua mlango wa hewa, ule ambao gereji huuita throto. Hewa ikiingia, sensa iliyo karibu na kichujio cha hewa inaipima, inaiambia kompyuta ya gari, na kompyuta inaamuru nozeli zimwage petroli inayolingana nayo. Kipimo kinachochoma vizuri ni takribani kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kisha plagi inapiga cheche.

Unapokanyaga kwa ghafla, hewa inakimbilia ndani mara moja. Ni hapo injini inahitaji petroli ya ziada na cheche yenye nguvu, kwa sekunde hiyohiyo. Mafuta yakichelewa, au yakija pungufu, au cheche ikiwa dhaifu, gari linasita. Ndiyo maana gari linaweza kunguruma vizuri likiwa limesimama, likatembea vizuri polepole kwenye lami, na likaumbuka pale unapotaka kupita lori.

Hewa ya wizi ni ile inayoingia baada ya sensa kumaliza kupima. Kompyuta haijui kama ipo, kwa hiyo haiitolei petroli. Mchanganyiko unakuwa mkavu na injini inakohoa. Ufa wa gari langu ulikuwa hapo, kati ya sensa na throto, na ulifunguka tu pale injini ilipovuta. Kompyuta haikuwa na kosa; ilidanganywa.

Lakini kabla hujamshuku mtu wala kifaa, kumbuka mwinuko. Tarime iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi zaidi. Ndugu yako akija na gari kutoka Dar es Salaam akalalamika kwamba limekuwa zito likiwa na watu watano na mizigo, huenda halina ugonjwa wowote. Uzito wa mwinuko ni wa wakati wote na ni laini. Gari halitikisiki wala halikatiki. Kinachoshtua na kurukaruka ni kitu kingine.

Inakosa wakati gani?

Swali la yule mzee ndilo lenye thamani kuliko kifaa chochote cha gereji. Chukua daftari, andika kwa siku tatu au nne. Likisita, andika injini ilikuwa baridi au moto, ulikuwa tambarare au mlimani, mafuta yalikuwa kiasi gani kwenye tangi, mvua ilinyesha au ulikuwa umetoka kuosha injini, na ulijaza mafuta lini na wapi.

Kama gari linasita pale mwanzo tu, mguu unapogusa pedali, kisha likishika linakwenda vizuri hadi juu ya kilima, anza na upande wa hewa: sensa chafu, throto yenye masizi, mpira uliopasuka. Kama mwanzo ni mzuri lakini ukiendelea kukaza mguu mlimani linazidi kudhoofika, linakuwa kama limebanwa koo, shuku mafuta yasiyotosha au masega, kile kisafisha moshi, yaliyoziba. Kama linatikisika kwa mdundo unaohesabika, ile hali mafundi huiita kumisi, silinda moja haichomi na mara nyingi kosa ni plagi au koili. Linalokosa baada ya saa nzima ya safari juani, likapona likipoa, mara nyingi lina koili au pampu inayochoka kwa joto. Linalokosa asubuhi za baridi za Tarime tu, likapona likipata moto, linaweza kuwa na sensa ya joto inayosema uongo, au mpira uliokakamaa ambao unabana vizuri ukishalainika. Linalokosa tangu ulipojaza mafuta jana, basi jibu unalo tayari.

Kuna magonjwa mawili yanayofanana na haya lakini hayahusu injini. Ukikanyaga ukasikia injini inapanda sauti vizuri lakini gari haliongezi mwendo, giaboksi au klachi inateleza. Plagi mpya hazitasaidia. Na gari ambalo ni zito hata kwenye tambarare, ukiachia mafuta halitambai bali linasimama haraka, angalia breki. Tope la masika likikaukia ndani ya magurudumu ya nyuma linaweza kushikilia breki. Baada ya safari fupi sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye breki iliyoshika litakuwa na joto kali kuliko wenzake.

Upande wa hewa

Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, ukifuata gari lingine kwenye barabara ya changarawe kuelekea Nata au lango la Ikoma, hewa yote unayovuta ni vumbi. Kichujio cha hewa, eakilina, kinaziba kwa wiki badala ya miezi. Kifungue mwenyewe: kwenye Probox na IST ni klipu mbili tu. Kiinue juani. Ukiona mwanga unapenya kwenye mikunjo, kinafaa, usipoona, kibadilishe. Kukipuliza kwa upepo wa kompresa kunasaidia kidogo, mradi upepo uwe wa wastani na upulize kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Upepo mkali unatoboa karatasi, na tundu dogo kama la sindano linatosha kupitisha mchanga.

Kuna ushauri mmoja ambao nausikia sana na unaniumiza: eti toa eakilina kabisa, gari litapumua. Ni kweli litapumua, kwa muda. Vumbi letu lina chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zinasaga ringi na kuta za silinda, na baada ya muda gari linaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu. Umetibu kikohozi kwa kuua mapafu.

Vumbi linalopenya ndilo linalochafua sensa ya hewa. Ndani yake kuna waya au utando mwembamba sana unaopashwa moto; ukishafunikwa na uchafu unapima hewa pungufu. Sensa hii husafishwa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, inayouzwa maduka ya spea, na inaachwa ikauke kabisa kabla ya kurudishwa. Usiiguse kwa kidole, pamba, mswaki wala petroli. Jaribio moja la bure: ukichomoa plagi ya waya ya sensa hiyo injini ikiwa imezimwa, kisha ukaendesha kidogo, kompyuta itatumia makisio yake yenyewe. Taa ya injini itawaka, na hilo si la kuogopa. Kama kusita kumepungua sana, sensa ndiyo mshukiwa wako.

Halafu mipira. Angalia ule mkubwa wenye mikunjo, uupinde kwa mikono miwili ili mikunjo ifunguke, uangalie chini yake kwa tochi au kioo kidogo. Fuata na mipira midogo, ukiwamo ule unaokwenda kwenye sevo ya breki. Ukipasuka huo, gari linasita na pedali ya breki inakuwa ngumu, na hapo usiendelee na safari. Njia salama ya kutafuta hewa ya wizi ni kunyunyiza maji kidogo penye maungio huku injini ikinguruma. Mngurumo ukibadilika, umepata mahali. Usimruhusu mtu kunyunyiza petroli kwenye injini yenye moto. Nimeona ikifanywa, na gari likinusurika kuungua.

Angalia pia mipira inayoshika injini kwenye bodi. Ikichoka, injini inacheza kupita kiasi kila unapokanyaga, na ndiyo inayochana mpira wa hewa. Kwangu mimi ilikuwa hivyo hasa: ungebadilishwa mpira wa hewa peke yake, mpya nao ungechanika.

Na panya. Nyumba zetu zina mahindi, panya wanapenda joto la injini usiku, na wanatafuna waya na mipira. Ukikuta mabaki ya punje juu ya betri, fuata nyaya zote kwa macho kabla ya kufanya jambo lingine.

Throto yenyewe husafishwa kwa dawa na kitambaa laini. Kwenye magari ambayo throto yake inaendeshwa kwa umeme, usisukume kile kibamba kwa kidole huku swichi imewashwa. Baada ya kusafisha injini inaweza kunguruma juu au chini kuliko kawaida mpaka kompyuta izoee tena. Iache kwa dakika kadhaa bila kukanyaga.

Upande wa mafuta

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka neno "kuchakachua" lilivyoenea. Petroli na dizeli zilikuwa zikichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya bei. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yakaguliwe vituoni, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa kupunguza kishawishi. Hali ya vituoni ilibadilika sana. Lakini huku vijijini bado tunanunua petroli ya chupa na madumu kandokando ya barabara, na dumu halina mkaguzi. Linaweza kuwa lilibeba mafuta ya taa jana, au lilifunguliwa mvua ikinyesha.

Petroli yenye maji ni rahisi kuigundua. Chukua kiasi kwenye chupa angavu ya plastiki, iache itulie nusu saa mahali pasipo na moto. Maji ni mazito zaidi, yatakaa chini na utaona mstari. Yenye mafuta ya taa inajaribiwa kwa karatasi nyeupe: dondosha matone machache, yaache mahali penye hewa mbali na moto. Petroli safi inakauka kwa dakika chache bila kuacha kitu. Mafuta ya taa yanaacha doa la mafuta. Barabarani utayajua kwa injini kugongagonga kama mawe kwenye kopo kila unapokanyaga mlimani.

Pampu ya mafuta ndiyo inayolaumiwa kuliko vyote, na mara nyingi inaonewa. Mwenzetu mwenye mazoea ya kuendesha akiwa na robo ya mwisho ya tangi kila siku anaichosha, kwa sababu pampu inapozwa na petroli inayoizunguka, na uchafu wote wa tangi uko chini. Hata hivyo, kabla ya kuinunua, ipimwe kwa geji. Injini ya 1NZ-FE, iliyo kwenye Probox na Corolla nyingi za mitaani kwetu, inataka mgandamizo wa kati ya kilopaskali 304 na 343, yaani baa 3 na kidogo. Fundi afunge geji, akanyage, na wewe uangalie mshale. Ukibaki palepale, pampu ni nzima na pesa yako imebaki mfukoni. Ukishuka unapokanyaga, bado kuna kichujio kilicho pamoja na pampu ndani ya tangi. Kinaweza kuwa kimeziba kwa tope laini, na bei yake ni ndogo kuliko pampu. Usitegemee sauti ya pampu unapowasha swichi, kwani kwenye baadhi ya magari hailii mpaka stata izunguke.

Kazi hii ifanyike nje, injini ikiwa imepoa, bila sigara wala jiko karibu, na mgandamizo uondolewe kwanza kabla ya kufungua bomba.

Cheche

Toa plagi injini ikiwa imepoa, uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Ya rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi ya chungu inasema petroli imezidi. Nyeupe kama mfupa inasema imepungua, na hapo rudi kwenye hewa ya wizi na pampu. Yenye unyevu wa oili inasema ringi au sili za valvu zimechoka. Kama tatu ni nzuri na moja ni mbaya, tatizo liko kwenye silinda hiyo. Plagi za kawaida hudumu kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu hufikia hata 100,000 zikiwa halisi. Za bandia zipo nyingi, pande zote mbili za mpaka wa Sirari, kwa hiyo nunua kwa mtu utakayemrudia. Ukizirudisha, anza kuzizungusha kwa vidole. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu na nyuzi zake zikiharibika gharama yake utaililia.

Koili nayo isinunuliwe kwa kukisia. Kama skana inasema silinda ya 2 haichomi, yaani P0302, hamisha koili ya 2 iende silinda ya 3, ya 3 ije ya 2, ufute kosa, uendeshe. Likirudi kama P0303, koili ndiyo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Likibaki P0302, koili haina hatia. Jaribio hili halihitaji hata shilingi. Zima gari kabla ya kuchomoa; umeme wa koili ni maelfu ya volti.

Taa ya injini ikiwaka tu, una muda wa kupanga siku ya gereji. Ikiwa inawakawaka kwa kumeta huku gari linatikisika, punguza mguu na usimame mahali salama. Petroli isiyochomwa inaingia kwenye masega na kuungulia humo. Masega ni kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki, na yakiyeyuka yanaziba njia ya moshi. Gari lililoziba masega linakosa pumzi kabisa mlimani, na joto kali linasikika chini ya sakafu. Wengi huyakata wakaweka bomba tupu. Mimi sikubaliani nao: moshi huo tunauvuta sisi na watoto wetu, na kilichoyaua, iwe ni koili au injini kula oili, bado kipo. Tibu hicho kwanza. Na kwa wanaoegesha maporini Serengeti wakati wa kiangazi: masega yenye joto yanaweza kuwasha nyasi kavu. Egesha penye ardhi tupu.

Skana ni shahidi

Siku hizi gereji nyingi zina skana, na vijana wengi wanayo ya kuunganisha na simu. Ni chombo kizuri. Lakini P0171 haimaanishi "badilisha sensa ya oksijeni"; maana yake ni kwamba mchanganyiko ni mkavu. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyotoa taarifa, na tunaishia kumfukuza mtoa taarifa. Mwombe fundi akuonyeshe marekebisho ya mafuta yanayofanywa na kompyuta gari likiwa linafanya kazi. Yakizidi asilimia 10 za kuongeza wakati injini inanguruma tu, kisha yakapungua ukipandisha mizunguko, ni hewa ya wizi. Yakiwa sawa chini na kupanda sana ukikaza mguu, ni mafuta hayatoshi, au sensa ya hewa ni chafu, au mpira una ufa unaofunguka injini ikivuta, kama wangu. Dakika kumi za kuangalia namba hizo pamoja na geji zingeniokolea pampu. Fahamu pia kwamba magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani na skana za bei rahisi. Kukosa kosa kwenye skana si ushahidi kwamba gari ni zima.

Dizeli, na pikipiki

Kwenye Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, zile za sentimita za ujazo 4,164 zinazobeba watalii na wagonjwa huku kwetu, msemo wa kukanyaga mafuta ni wa kweli: pedali inaongeza dizeli moja kwa moja. Hakuna plagi za cheche wala koili. Angalia moshi. Gari zito lenye moshi mweusi limekosa hewa, anza na eakilina. Gari zito lisilo na moshi limekosa dizeli: toa maji chini ya kichujio, piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kagua klipu za mabomba yanayovuta kutoka tangini, kwa sababu hewa ikiingia humo injini inakatikakatika. Kwenye dizeli mpya zenye reli moja ya mgandamizo, usifungue bomba la nozeli injini ikifanya kazi. Mgandamizo unapita baa 1,000 na unatoboa ngozi. Aliyejeruhiwa hivyo awahishwe hospitali hata kama tundu ni dogo kama la sindano.

Bodaboda ya kabureta inayosita ukifungua mafuta mara nyingi ina uchafu kwenye jeti, choki iliyosahaulika, au mpira uliopasuka kati ya kabureta na injini. Hewa ya wizi, tena.

Kwa fundi

Mweleze ulichoandika kwenye daftari, usimwambie akubadilishie nini. Ukisema "fundi, niwekee pampu," atakuwekea pampu, na likirudia hana deni kwako. Kubali kulipia kupima. Upimaji ni kazi, na fundi asiyelipwa kupima analazimika kupata riziki kwenye spea. Muulize, "Umejuaje kwamba ni hiki?" Dai kifaa cha zamani urudi nacho. Kibadilishwe kimoja kwa wakati, vinginevyo hamtajua kilichoponya.

Gari likisita ukiwa njiani, acha kupita magari mengine. Kaza mguu polepole badala ya kukanyaga kwa ghafla, panda milima kwa gia ya chini, na usiingie barabara kuu ya Musoma na Sirari mpaka pawe wazi kabisa, kwa sababu malori ya mpakani hayakusubiri uchanganye. Ufa wa mpira wa hewa unaweza kufungwa kwa utepe wa gundi wa nailoni, tabaka tatu au nne mahali pakavu, ukakufikisha nyumbani.

Mimi nilifungiwa hivyo na yule mzee, na siku ya tatu nikapata mpira mpya pamoja na ule wa kushika injini. Alikataa kunikabidhi gari palepale. Tulipakia watu watano, tukaacha injini ipate moto, tukashuka mpaka Mto Mara na kugeuza. Kwenye mlima uleule, nyuma ya lori jingine, akaniambia, "Kanyaga." Gari likaenda. Akanifanya nirudie mara mbili zaidi, ndipo akasema turudi Tarime.